Tengeni pesa za kuendesha vituo vya wazee kabla ya kujenga vipya

Mhariri,

Kila msimu wa bajeti unapofika, mjadala kuhusu kumbi za jamii na vituo vya wazee katika kaunti zetu za Pwani hugawanya watu makundi mawili. Kundi la kwanza linataka kila wadi ipate jumba lake. La pili linasema wazee wana Inua Jamii, ile posho ya Serikali kwa wazee, na wana watoto wa kuwatunza, kwa hivyo pesa hizo ziende kwenye basari na dawa za zahanati. Mimi ni mkadiriaji gharama za ujenzi na nasoma bajeti za kaunti kama sehemu ya kazi yangu. Nionavyo, pande zote mbili zinabishania jengo, na hakuna anayeuliza jengo hilo litaendeshwa na kifungu gani cha bajeti baada ya utepe kukatwa.

Chanzo cha tatizo kiko katika sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni za 2015 nazo zimeweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara, na kaunti nyingi zimekipita. Ukumbi mpya huhesabiwa kuwa maendeleo. Mtunzaji wa ukumbi, mlinzi, maji, umeme, chai na kitasa kilichovunjika huhesabiwa kuwa matumizi ya kawaida. Diwani akiomba ukumbi, anaisaidia kaunti kufikisha ile asilimia 30. Akiomba mtunzaji, anaambiwa hakuna nafasi ya kuajiri. Kwa hivyo tunapata majengo ambayo hayana wa kuyafungua asubuhi, na wala si lazima mtu awe ameiba chochote ili hali ifike hapo.

Tupige hesabu ya kituo cha wastani, chenye ukumbi wa watu 60, ofisi ndogo, stoo, jiko na vyoo vinne. Tuseme kimegharimu Sh12 milioni. Mtunzaji mmoja na mlinzi wa usiku, kila mmoja akilipwa Sh20,000 kwa mwezi, wanakula Sh480,000 kwa mwaka. Maji kwa makadirio ya Sh8,000 kwa mwezi ni Sh96,000, na umeme kwa Sh6,000 ni Sh72,000. Chai na kitafunio kwa wazee 40, mara mbili kwa wiki, kwa Sh50 kila mmoja, ni Sh208,000. Weka asilimia 2 ya gharama ya ujenzi kwa rangi, mabomba, mabati na vitasa, nayo ni Sh240,000. Jumla ni Sh1,096,000 kila mwaka. Bei hizo ni makadirio yangu na zitapanda au kushuka kulingana na mahali, lakini uwiano wake haubadiliki sana: kwa kila shilingi 11 unazojengea, andaa shilingi moja ya kuendeshea mwaka hadi mwaka. Wadi ambayo haiwezi kuonyesha hiyo shilingi moja haijawa tayari kwa zile 11.

Wengi hujibu kwamba ukumbi utajiendesha kwa kukodishwa harusi, mikutano na semina. Hapa ndipo watu hukwama bila kujua. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizoondolewa kisheria. Ada ya harusi ya Jumamosi huenda huko, na hairudi Jumatatu kununua balbu. Ili balbu inunuliwe, ombi hupita idara, kisha hazina ya kaunti, kisha husubiri idhini ya Msimamizi wa Bajeti kama pesa nyingine zote. Ndiyo maana utakuta ukumbi unaokodishwa karibu kila wikendi ukiwa na choo kimoja kinachofanya kazi.

Dawa ipo, na haihitaji kubadilisha Katiba. Kifungu cha 109 cha ile Sheria ya 2012 kinaruhusu asasi ya kaunti kubaki na pesa ilizokusanya kwa ajili ya gharama zake, mradi kuna sheria inayosema hivyo. Hospitali za umma zimeshapata sheria ya aina hiyo mwaka 2023, na sasa zinabaki na mapato yao na kuyatumia kuboresha huduma. Bunge la kaunti linaweza kutunga sheria kama hiyo kwa kumbi za jamii. Iwe na mambo machache yaliyo wazi: malipo yote yapitie mfumo wa kielektroniki wa kaunti, si mkononi mwa mtunzaji, daftari la kukodisha libandikwe ukutani kila mwezi, na asubuhi za siku za wazee zisikodishwe kwa mtu yeyote, hata akilipa mara mbili. Sharti hili la mwisho ndilo litakalokuwa gumu kulinda, kwa sababu semina hufanyika siku za kazi na hulipa vizuri kuliko harusi. Lisipoandikwa katika sheria, wazee watahamishiwa chini ya mwembe ndani ya miezi mitatu.

Sasa jengo lenyewe. Kumbi nyingi tunazorithi, kuanzia zile za enzi za manispaa, zilijengwa kwa ajili ya mikutano na dansi. Mzee wa miaka 75 mwenye mkongojo hakuwa katika mchoro. Tunapokarabati au kujenga, kuna vipimo ambavyo havifai kujadiliwa.

Rampu ipande kwa uwiano wa 1 kwa 12. Sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 45, rampu inahitaji urefu wa mita 5.4. Kinachojengwa mara nyingi ni kipande cha mita mbili mbele ya mlango, ambacho mtu kwenye kiti cha magurudumu hawezi kukipanda hata akisukumwa, na kukishuka ni hatari zaidi. Pande zote mbili ziwe na bomba la kushikilia kwa kimo cha sentimita 85 hadi 95, na uso wa rampu uachwe na mikwaruzo ya ufagio kabla saruji haijakauka. Saruji iliyolainishwa kwa mwiko huteleza mvua inapoanza kunyesha.

Choo ndicho kinachoamua kama mzee atarudi wiki ijayo. Mwenye kisukari au matatizo ya tezi dume huenda haja mara nyingi, na choo kikimshinda atabaki nyumbani bila kumwambia mtu sababu. Angalau choo kimoja kwa wanawake na kimoja kwa wanaume kiwe cha kukalia, kimo cha sentimita 45 hadi 48, na vishikio viwili vya chuma vilivyofungwa kwenye ukuta wa mawe, si kwenye ubao. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje. Mzee akianguka ndani, mwili wake huziba mlango unaofunguka kwa ndani, na watu hulazimika kuuvunja juu yake. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu. Vigae viwe vya kukwaruza, maana vile vinavyong'aa ambavyo mafundi wanavipenda huteleza vikilowa maji ya udhu na ya kuoshea.

Kwa Pwani kuna mawili zaidi. Chumvi ya bahari hula mabati ya geji 30 upesi, kwa hivyo lipieni geji 28, ambayo ni nene zaidi, na misumari yenye mpira, hata kama bei itapanda. Pia madirisha yakabiliane, kuta mbili zinazotazama upepo wa kusi na kaskazi, ili hewa ipite mwaka mzima bila feni. Paa la mabati lisilo na dari hufanya ukumbi uwe tanuri kufikia saa sita mchana. Tena mvua ikipiga, na mwangwi wa kuta tupu, mzee mwenye usikivu hafifu hasikii hata neno moja la mtu wa afya anayezungumza mbele yake. Dari ya bodi inapunguza joto na mwangwi kwa pamoja.

Viti navyo si jambo dogo. Kiti cha plastiki kisicho na mikono kinamlazimisha mzee asimame kwa nguvu za magoti peke yake. Nunueni vyenye mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, hata kama ni 30 badala ya 60.

Wataalamu wenzangu wanajua kwa nini hayo yote hukosekana hata yakiwa kwenye mchoro. Katika BQ, ile orodha ya vipimo na bei ya kila kazi, rampu, matangi, mifereji na uzio huwekwa mwishoni chini ya kazi za nje. Mara nyingi huandikwa kwa kiasi cha jumla bila vipimo. Pesa zikichelewa kutoka Nairobi na saruji ikipanda bei, cha kwanza kukatwa ni kazi za nje. Mwanakandarasi anakabidhi kuta na paa, picha zinapigwa, na kilichokatwa kinaahidiwa awamu ya pili ambayo haina kifungu popote. Kamati ya wadi ikatae hilo mapema. Rampu na vyoo vya wazee viandikwe ndani ya awamu ya kwanza, kila kimoja kwa mita na kwa idadi, ili asiyevijenga asilipwe kwa hicho. Nakala ya BQ iombwe kwa barua, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali.

Halafu kuna pesa inayozuiliwa. Kwa desturi ya kandarasi zetu, asilimia 10 ya malipo huwekwa kando, na nusu yake hushikiliwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, ambacho mara nyingi ni miezi sita. Huo ndio wakati wa kulijaribu jengo. Jazeni matangi na mfungue bomba zote kwa pamoja. Msukumeni mtu kwenye kiti cha magurudumu kutoka barabarani hadi chooni na arudi. Hakikisheni masika yameshanyesha juu ya paa hilo kabla pesa ya mwisho haijatolewa. Baada ya hapo, kila tone linalovuja litakuwa mzigo wa kaunti, yaani ule ule mfuko wa matumizi ya kawaida ambao tumeona hauna kitu.

Kwa wanaosema kituo ni anasa kwa sababu Inua Jamii ipo, natoa hesabu fupi. Inua Jamii hulipa Sh2,000 kwa mwezi na mlango wake ni miaka 70. Katiba, katika Kifungu cha 260, inamhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60. Kati ya 60 na 70 kuna pengo la miaka kumi, na katika miaka hiyo ndipo shinikizo la damu na kisukari hugunduliwa kwa kuchelewa. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini. Na kwa wanaosema kazi hiyo ni ya familia pekee, Kifungu cha 57 kinataja familia na Serikali kwa pamoja, katika sentensi moja.

Huduma yenyewe si ghali, kwa kuwa sehemu kubwa tayari inalipiwa kwingine. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wana mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu na sukari, na posho yao ya Sh5,000 kwa mwezi inachangiwa nusu kwa nusu na Serikali Kuu na kaunti. Wakipangiwa asubuhi moja kituoni, watapima wazee 40 katika muda ambao wangetembelea nyumba chache tu. Afisa wa huduma za jamii akija siku hiyo hiyo, masuala ya Inua Jamii na usajili wa SHA, yaani bima ya afya ya Serikali, yatamalizwa papo hapo, pamoja na yale ya wazee ambao vidole vyao vimechakaa kwa jembe na mashine haisomi alama. Saa za kazi ziwe kati ya saa tatu na saa sita. Kabla ya hapo matatu zimejaa wafanyakazi na wanafunzi. Baada ya hapo jua ni kali na wengi wana dawa za mchana na swala. Mzee anayekaa zaidi ya kilomita mbili atahitaji nauli ya tuktuk, na hilo liwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Vituo ambavyo havikulifikiria huishia kuhudumia majirani wa ukuta tu.

Kwa Kilifi na Kwale jambo hili lina uzito wa aina nyingine. Wazee wameuawa huko kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya shutuma nyingi kuna ugomvi wa ardhi na urithi. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa ikiwapa hifadhi wazee waliokimbia nyumba zao. Mahali pa namna hiyo panasaidia mtu aliyekwisha kufukuzwa. Kituo cha wadi kinaweza kufanya kazi kabla ya hapo: mzee anayeonekana kila Jumanne akiosha mikono, akinywa chai na vijana waliokuja kumsaidia kujaza fomu, si rahisi kugeuzwa tishio na watu wasiomjua. Asipoonekana wiki mbili, mtunzaji mwenye daftari la mahudhurio anajua pa kuanzia kuuliza. Mkaguzi anaweza kuliona daftari hilo kuwa karatasi tu. Kwangu ni moja ya sababu za kumlipa mtunzaji mshahara wa mwaka mzima badala ya kutegemea wa kujitolea.

Kuhusu basari, sitaki mtoto yeyote akose karo kwa sababu ya ukumbi. Lakini basari na ukumbi havishindanii pesa zile zile kama tunavyoambiwa. Basari ni matumizi ya kawaida, ukumbi ni maendeleo. Kinachoshindana na ukumbi mpya ni barabara za mtaa, visima na madarasa ya chekechea. Ndiyo maana naomba tukarabati zaidi ya kujenga. Ukarabati mkubwa wa ukumbi uliopo, wenye rampu, vyoo na dari mpya, unaweza kuwekwa kwenye bajeti ya maendeleo, na kwa kawaida hugharimu sehemu tu ya jengo jipya. Hauhitaji kiwanja kipya pia, na viwanja vya umma Pwani tunajua vinavyoyeyuka. Kumbi nyingi zilizorithiwa kutoka mabaraza ya miji mwaka 2013 hazina hatimiliki kwa jina la kaunti. Kabla ya mfuko mmoja wa saruji kununuliwa, upekuzi rasmi ufanywe katika ofisi ya ardhi, na ripoti yake iambatishwe kwenye ombi la bajeti. Ukikarabati jengo kwenye ardhi yenye utata, unampandishia thamani mtu atakayekuja na karatasi zake baadaye.

Mwisho ni suala la wakati, kwa sababu watu wetu hufika kwenye vikao vya bajeti mambo yakiwa yameshakwisha. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Mradi usiokuwemo humo ni vigumu kuingizwa baadaye, kwa hivyo jina la ukumbi litajwe kwenye vikao vya Julai na Agosti. Taarifa ya sera ya fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na humo ndimo idara hupangiwa vikomo vyake. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kabla ya Aprili 30 na hupitishwa kufikia Juni 30. Anayekuja kikao cha Juni na ombi la kituo cha wazee anazungumza na watu waliokwisha kugawana. Akija Agosti na karatasi moja yenye mambo manne, yaani jina la ukumbi uliopo, ripoti ya ardhi, makadirio ya ukarabati, na gharama ya kuendesha ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu, itabidi afisa wa mipango amjibu kwa maandishi.

Kwa madiwani wa Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta, naomba mambo mawili katika mzunguko wa bajeti unaokuja. Kwanza, kamati ya bajeti ikatae ombi lolote la ukumbi au kituo kipya ambalo halina ukurasa wa gharama za kuendesha uliotiwa saini na waziri wa fedha wa kaunti. Pili, mswada wa kuziruhusu kumbi kubaki na mapato yake uwasilishwe kabla ya Aprili 30, ili makadirio yatakayopitishwa Juni yawe na mshahara wa mtunzaji ndani yake.

Mkadiriaji gharama za ujenzi,
Mombasa